UZI: Kona ya kusomea ya mtoto kwa nyumba zetu za Tabora na Kigoma (vipimo, taa, mbao, jua la alasiri)

FundiRanda (Tabora)

Wakuu, mwangaluka. Shule zikikaribia kufunguliwa swali huwa ni lile lile: mtoto atasomea wapi? Majibu mengi yanakimbilia meza ya dukani. Mimi naanza na kimo cha meza na upande mwanga unakotokea. Hivyo viwili vikikaa sawa, hata ubao uliolazwa juu ya matofali unafaa. Vikikosewa, nunua meza ya bei yoyote, mtoto atahamia kitandani kusoma akiwa amelala kifudifudi.

Pima mtoto kwanza, meza baadaye. Mkalishe, avue viatu, pima kutoka chini ya unyayo hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti. Halafu akae wima, mkono ushuke kando ya mwili, kiwiko akikunje. Pima kutoka juu ya kiti hadi kiwiko, ongeza sm 2 au 3, jumlisha na kimo cha kiti. Umepata kimo cha meza.

Kama mtoto hayupo karibu, tumia vipimo vya samani za shule vya Ulaya (EN 1729). Mtoto wa kimo cha sm 108 hadi 121: kiti sm 31, meza sm 53. Wa 119 hadi 142: kiti 35, meza 59. Wa 133 hadi 159: kiti 38, meza 64. Wa 146 hadi 176: kiti 43, meza 71. Makundi yanaingiliana makusudi. Aliye katikati, angalia miguu tu: unyayo wote uguse chini.

Sasa linganisha na vilivyopo nyumbani. Meza ya chakula ni kama sm 75, kiti cha plastiki kama sm 43. Mpandishe hapo mtoto wa darasa la pili: miguu inaning'inia, mabega yanapanda, daftari liko karibu na kidevu. Kitambo kidogo anapiga magoti kwenye kiti, kisha anakaa upande, kisha anaambiwa hatulii.

MpangajiIpuli

Mkuu shukrani. Ila mtoto anakua. Nitachonga meza mpya kila baada ya miaka miwili?

FundiRanda

Hapana. Chonga meza ya sm 64 mara moja, kisha chezea kiti na miguu. Tofauti kati ya meza na kiti ndiyo inayobeba kila kitu: kwa wadogo ni sm 22 hadi 24, kwa wa katikati 26, kwa wakubwa 28. Kwa hiyo mtoto anayestahili meza ya 59, kwenye meza ya 64 mpe kiti cha 40 na chini ya miguu muwekee kibao cha sm 5. Kipande cha mbao ya mbili kwa mbili ndicho hicho hicho. Akirefuka unaondoa kibao cha miguu, unakata miguu ya kiti sm 2, basi. Akifika sekondari unapachika vipande chini ya miguu ya meza. Kupandisha meza kwa kupachika ni rahisi, ila usichonge ya 75 ukisema "atakua tu". Atakua, lakini miaka ya kujifunza kuandika itakuwa imepita.

WayaMmoja

Naongezea upande wa taa, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinaanguka.

Nyumba zetu nyingi hazina dari, balbu inaning'inia kwenye kenchi mita 3 kutoka sakafuni, katikati ya chumba. Mtoto akikaa mezani ukutani, balbu iko nyuma yake. Kichwa na bega vinatupa kivuli juu ya daftari, anainama zaidi ili aone, kivuli kinazidi. Watu wanabadilisha balbu ya wati 9 kuweka ya 18. Hiyo ni mara mbili tu. Ukisogeza balbu ile ile ya wati 9 kutoka mita 2.3 juu ya meza hadi sm 75, umbali umepungua karibu mara 3, mwanga juu ya daftari unapanda karibu mara 9. Unashusha balbu, bili inabaki ile ile.

Namna ya kushusha: zima breka kwanza, siyo swichi tu, kwa sababu kuna mafundi wanaokata waya wa nyutro kwenye swichi na kuacha moto umefika kwenye holda. Tumia waya laini wa nyuzi mbili wa 0.75 mm². Ndani ya kikombe cha juu piga fundo kwenye waya, uzito ukae kwenye fundo, usikae kwenye skrubu za kubana waya. Asiyepiga fundo ndiye ambaye baada ya miezi waya unachomoka na kugusana. Kama hujawahi kushika umeme, mpe fundi.

Balbu ya mkono wa kushoto kwa anayeandika kwa kulia, na kinyume chake kwa wa mashoto. Iwe mbele kidogo ya bega, isiwe usawa wa macho. Kivuli cha taa kinaweza kuwa bakuli jeupe la plastiki lililotobolewa kitako, lakini kwa LED tu, na toboa matundu ya hewa juu. Joto la LED liko kwenye shingo yake. Ukiifungia ndani inakufa mapema halafu tunasema balbu feki. Balbu za zamani za waya usiziwekee plastiki kabisa, zitaiyeyusha.

Umeme ukiwa mdogo jioni, soma pakiti. Iliyoandikwa 85–265V inavumilia, ya 220–240V inaweza kupepesa. Na usimwashie meza tu huku sehemu nyingine ya chumba iko giza totoro, macho yanachoka kuhama kati ya ukurasa mweupe na giza. Acha na ile ya kenchi iwake.

MwlUjiji (Kigoma)

Heshima kwenu. Niseme la jua, maana ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa na watu wa Dar.

Saa ya Tanzania inafuata longitudo 45 mashariki. Kigoma tuko karibu 29.6, Tabora karibu 32.8, Dar karibu 39.3. Kila nyuzi moja ni dakika 4. Maana yake jua la utosi Kigoma linafika mnamo saa 7 kamili mchana, Tabora saa 7 kasoro dakika 11 hivi, wakati Dar ni saa 6 na dakika 20 na kidogo. Giza letu linachelewa dakika kama 40 kuliko la Dar.

Hili lina faida na hasara. Faida: mwanga wa bure wa dirishani upo hadi karibu saa 1 jioni, kwa hiyo kazi za shule zikianza saa 11 jioni, mtoto wa madarasa ya chini anamaliza bila kuwasha taa. Hasara: saa 9 alasiri, mtoto anaporudi shule, jua lina ukali wa saa 8. Bati limechemka na ukuta wa magharibi ndio kwanza unaanza kupokea. Tofali la kuchoma linameza joto kisha linalitema polepole hadi usiku. Meza iliyosukumwa kwenye ukuta wa magharibi inakuwa na joto hata baada ya jua kuzama.

Kwa hiyo meza iwe ukuta wa mashariki au kusini. Dirisha liwe ubavuni kwa mtoto, lisiwe mbele wala mgongoni. Kwetu madirisha yanayotazama ziwa yanaingiza jua la chini kabisa kati ya saa 11 na saa 12 na nusu, na maji nayo yanarudisha mng'ao. Mtoto akilitazama hilo dirisha hasomi, anakunja uso tu. Pazia jepesi jeupe linatosha. Zito la maua linaua mwanga wote.

Jingine la Kigoma mjini: nyumba za mteremkoni ambazo ukuta wa nyuma umechimbiwa kilimani. Ukuta ule unatoa unyevu msimu mzima wa mvua. Shelfu ya vitabu usiiegemeze hapo. Kama hakuna ukuta mwingine, acha nafasi ya sm 5 hewa ipite, na madaftari ya chini yainuliwe kutoka sakafuni.

Bint_Gungu

Mwalimu, vipi lile bati la plastiki linalopitisha mwanga? Chumba changu dirisha ni dogo mno, mchana ni giza.

MwlUjiji (Kigoma)

Dada, linaleta mwanga kweli, lakini linashusha na joto la moja kwa moja juu ya kichwa. Kama unaweka, weka upande wa paa unaotazama kusini, kipande kidogo, kisiwe juu ya meza yenyewe, na chini yake tandika kitambaa cheupe kutawanya mwanga.

Ipo pia njia ya chupa ya maji, aliyoibuni fundi wa Brazil Alfredo Moser mwaka 2002: chupa angavu ya lita 2 ya plastiki, maji safi, vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo ili maji yasiote ukijani, inapenyezwa kwenye bati nusu nje nusu ndani. Mchana wa jua inatoa mwanga wa kama balbu ya zamani ya wati 40 hadi 60.

FundiRanda (Tabora)

Hiyo ya chupa sipingi mwanga wake, napinga paa. Tundu la bati likizibwa vibaya, mvua ya kwanza ya Novemba inashuka moja kwa moja kwenye madaftari. Bati linatanuka na kusinyaa kila siku, gundi ngumu inapasuka. Lazima iwe silikoni, na chupa ivishwe kikola cha bati kwanza chini, kisha kikola kikae juu ya tundu. Mpangaji asijaribu bila kumwambia mwenye nyumba.

Turudi kwenye mbao. Meza ya sm 80 kwa 50 pamoja na kiti chake inatoka kwenye mbao nne za futi 12: moja ya inchi 1 kwa 10, na tatu za 2 kwa 2.

Ile ya 1 kwa 10 ina upana wa sm 25. Kata vipande viwili vya sm 80, viweke ubavu kwa ubavu, hiyo ni juu ya meza. Baki ni sm 206. Toa sm 40 ya kalio la kiti, sm 80 ya shelfu. Masalia yanatoa mgongo wa kiti na kibao cha miguu.

Za 2 kwa 2: miguu minne ya sm 62 (mbao ya inchi 1 ikishapigwa randa inabaki kama sm 2, jumla 64). Fremu chini ya meza, mbili za sm 70 na mbili za sm 40. Miguu minne ya kiti sm 38 na viungo vinne vya sm 28. Jumla ni sm 732, mbao mbili zingeisha zote bila ziada hata ya msumeno, ndiyo maana nimesema tatu. Panga ukataji kabla ya kushika msumeno. Msumeno nao unakula kama milimita 3 kila unapopita.

Misumari inchi 3 kwenye fremu, inchi 2 juu. Kama ni mninga, toboa kwanza. Ukigonga kavu kavu mwishoni mwa ubao unapasuka. Skrubu na gundi ya mbao ni bora, maana mtoto anaegemea na kutikisa, msumari unalegea. Meza inayotikisika ndiyo inayoharibu mwandiko.

Mtego mkubwa ni mbao mbichi. Ukinunua ya msimu wa mvua bado ina maji, ikifika kiangazi zile mbao mbili zinaachana, panatokea mfereji katikati ya meza, kalamu inatoboa karatasi kila ikipita. Dawa ni mbao iliyokauka, au funika juu na playwudi ya mm 6. Piga msasa namba 120, kisha 240, vanishi isiyong'aa. Ile ya kung'aa kama kioo inarudisha balbu machoni.

Na ukichukua mninga au mkurungu, dai risiti na mbao yenye alama ya nyundo ya maliasili. Mbao ya usiku (ya magendo) inaweza kukukamatisha njiani.

NyaturuMgeni

Mkuu, kwa nini usiseme paini tu, ni rahisi?

FundiRanda (Tabora)

Paini sawa kabisa kwa meza. Shida ni mchwa. Moyo wa mninga, ile sehemu ya kahawia, mchwa haugusi kirahisi. Paini isiyopigwa dawa inaliwa kuanzia miguuni bila wewe kuona. Hata ya mninga kagua: ile mbao nyeupe ya pembeni inatobolewa na wadudu, utaona unga mweupe sakafuni. Kama sakafu ni ya udongo, kila mguu ukae juu ya kipande cha marumaru au kifuniko cha plastiki. Usipake oili chafu ya gari, najua wengi wanapaka. Inatoa harufu, inachafua nguo za shule, na mtoto anashika pale kila siku.

MpangajiIpuli

Mimi ni chumba kimoja, kitanda kimeshakula nafasi. Meza ya kukunja ukutani inawezekana?

FundiRanda (Tabora)

Inawezekana, ila jua ukuta wako kwanza. Chukua ubao wa sm 60 kwa 40, bawaba 3, na miguu miwili ya mbele inayojikunja nayo, isiwe ya minyororo tu. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo: toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye maungio. Udongo haushiki kitu, fisha (kile kichomeo cha plastiki kinachoshika skrubu) inatoka na vumbi. Fisha za mm 8, skrubu inchi 3, zipitie kwenye mbao ya 2 kwa 2 iliyolazwa ukutani, ndiyo inayobeba bawaba. Tofali za ukuta zikiwa mbichi (hazijachomwa), achana na ukuta, weka nguzo mbili zinazosimama sakafuni.

Kama hata hiyo ni ngumu, ubao wa kulaza juu ya kona ya kitanda, mtoto akae kwenye kigoda. Kitanda cha sm 50 kinamfaa mtoto mdogo kuliko meza ya chakula.

KijijiniUrambo

Huku kwetu hakuna umeme. Sola ndogo kiasi gani inatosha kwa watoto wawili? Kuna muuzaji ameniambia paneli ya wati 100.

WayaMmoja

Wati 100 ni ya kuuza juisi, mkuu. Hesabu: balbu mbili za LED za 12V wati 5 kila moja, saa 4, ni wati-saa 40. Betri kavu ya 12V 7Ah ina wati-saa 84, na betri za risasi zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unazo kama 42. Imetosha kwa usiku mmoja bila ziada. Paneli ya wati 20 kwa jua la saa 4 hadi 5 inakupa kama wati-saa 60 baada ya hasara. Siku za mawingu ya Januari inaweza kushuka nusu, hapo washa balbu moja, watoto wakae pamoja.

Chaji kontrola usiiruke. Bila hiyo betri inachemshwa mchana na kukaushwa usiku, mwaka hauishi. Na usiongeze kuchaji simu za ukoo mzima, taa ya kusomea ndiyo itakayolala giza.

Paneli ielekee kaskazini, maana tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, iinuliwe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Usiilaze juu ya bati moja kwa moja, acha sm 10 hewa ipite, ikichemka inazalisha pungufu. Kuanzia Julai hadi Oktoba, vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, ipanguse asubuhi kwa kitambaa chenye maji.

Kibatari kama bado kipo, kitoe kabisa mezani. Mwanga wake ni mdogo mno, na mtoto anainamisha pua juu ya moshi.

Bint_Gungu

Wawili kwenye meza moja, mmoja ni wa mashoto. Wanagongana viwiko, ugomvi kila jioni.

MwlUjiji (Kigoma)

Huyo wa mashoto akae ncha ya kushoto ya meza, viwiko vyao vya kuandikia vitakuwa nje. Urefu wa meza usipungue sm 120. Taa moja katikati yao, mbele: inakuwa kulia kwa wa mashoto na kushoto kwa mwenzake, kama alivyosema WayaMmoja.

Nafasi ya mezani kwa kila mmoja ni upana wa daftari mawili yaliyofunguliwa, la kusoma na la kuandika. Kalamu, rula, mkebe viwe kwenye kopo juu ya shelfu. Shelfu iwe sm 35 hadi 40 juu ya meza, chini ya hapo anagonga kichwa.

Mkitaka ubao wa ukutani, playwudi ya sm 60 kwa 90, msasa, mikono miwili ya rangi ya ubao, iachwe ikauke siku kadhaa, kisha pakaza chaki ubavu na ufute kabla ya kuandika. Ile tabia ya kupasua betri kuukuu za redio na kupaka unga mweusi muiache. Ule ni manganizi pamoja na kaboni, mtoto anafuta kwa kiganja halafu anashika ugali.

NyaturuMgeni

Mvua ikipiga bati hapa hatusikilizani hata kwa kupiga kelele. Mtoto anatakiwa kusoma kwa sauti.

WayaMmoja

Dari ndiyo dawa, na inapunguza joto pia. Usipoweza ya bodi, watu wanatandika viroba au turubai chini ya kenchi. Inasaidia kidogo kwa kelele, zaidi kwa vumbi, ila isiguse waya wala holda, iwe mbali sm 30 au zaidi, maana inashika moto haraka. Mvua ikiwa kubwa mpe hesabu, kusoma kwa sauti kungoje.

Bint_Gungu

La mwisho wakuu. Mbu. Jioni chini ya meza ndiko wanakojaa.

MwlUjiji (Kigoma)

Wavu dirishani, na uzibe mwanya kati ya ukuta na bati, ndiko wanakopita wengi. Mtoto avae suruali ndefu na soksi. Dawa ya kuchoma ya mviringo usiiweke chini ya meza, moshi unapanda usoni kwake. Iwashwe chumbani nusu saa kabla, kisha itolewe. Feni ikiwepo ielekezwe miguuni, siyo kwenye daftari.